Viumbe Wanaokoma: Maneno kwa Watu wa Chemba

Watu wa Chemba hawana haja ya kufundishwa habari za wanyama wa porini. Mkulima aliye karibu na Pori la Akiba la Swagaswaga amjua ndovu kwa mtama uliovunjwa usiku. Mfugaji wa Goima amjua fisi kwa hesabu ya mbuzi isiyotimia asubuhi. Na Wasandawe, ambao wazee wao waliishi kwa upinde, mizizi na asali, wajua mienendo ya wanyama na majina ya miti kuliko wengi wetu tuliosoma vitabuni. Basi leo hatutaki kuwaeleza wanyama ni nini. Twataka kueleza jambo lisiloonekana kwa macho mpaka limekwisha kutokea, nalo ni kukoma kwa jinsi nzima ya mnyama, au ndege, au mti, mpaka asiwepo hata mmoja.

Kufa na kukoma si jambo moja. Mbuzi mmoja akifa, mwenyewe husikitika, lakini zizi lipo, na mwaka ujao watazaliwa wengine. Kukoma ni kama ukoo uliopotea wote, baba, mama na watoto, hata hapana wa kuzaa tena. Tena kukoma ni kwa namna mbili. Ya kwanza ni kukoma mahali pamoja: mnyama hayupo tena katika wilaya hii, lakini yupo kwingine. Ya pili ni kukoma duniani pote, na huku hakuna dawa, wala fedha, wala serikali iwezayo kumrudisha. Mara nyingi ya kwanza hutangulia ya pili. Mnyama hutoweka hapa, kisha kule, na kila mtu hudhani kwamba kwa jirani wangaliko. Jirani naye hudhani vivyo hivyo.

Mtu atakaye kuona jinsi nchi hii ilivyokuwa, na aende Kolo katika wilaya ya jirani ya Kondoa, akatazame michoro ya miambani, ambayo mwaka 1996 haikuwa bado katika orodha ya urithi wa dunia, bali iliingizwa na UNESCO mwaka 2006. Waliochora walikuwa wawindaji, nao walichora waliyoyaona: twiga, ndovu, pofu na wengine wengi. Wanyama wale walitembea katika vilima vile ambavyo leo ni mashamba na njia za ng'ombe. Michoro ile ni kama daftari ya mali ya zamani. Twaweza kuifungua na kuuliza: katika hao walioandikwa, ni wangapi wapitao bado katika kata yetu?

WINGI SI NGAO

Watu wengi husema, "Wanyama ni wengi, hawawezi kwisha." Neno hili limewadanganya watu wa mataifa mengi. Kila mkulima wa mtama na uwele amjua kwelea, ndege wajao kama wingu, hata watoto hushinda shambani wakipiga makopo. Basi Marekani ya Kaskazini walikuwako njiwa waliosafiri kwa makundi makubwa kuliko hayo. Wataalamu hukadiria kwamba walikuwa kati ya bilioni 3 na bilioni 5, na kundi likipita, jua lilizibwa. Watu waliwapiga kwa bunduki na kuwanasa kwa nyavu, wakawapakia katika magari ya moshi kuwauza mijini, na huku wakikata misitu walimozalia. Njiwa yule alitaga yai moja tu. Tarehe 1 Septemba 1914 wa mwisho wao akafa katika tundu mjini Cincinnati. Katika maisha ya mtu mmoja, mabilioni yalikuwa si kitu.

Siri ya jambo hili wafugaji waijua tayari. Mtu mwenye ng'ombe mia akiuza madume, kundi lake hukaa. Akiuza mitamba kila mwaka kuliko ndama wanaozaliwa, kundi litakwisha, hata kama leo laonekana kubwa. Hesabu ya wanyama wa porini ni hiyo hiyo. Ndovu jike huchukua mimba miezi 22, kisha hukaa miaka minne au mitano kabla ya kuzaa tena. Kifaru huchukua mimba zaidi ya mwaka na robo. Tumbusi hutaga yai moja kwa mwaka. Viumbe hawa hawawezi kulipa deni la haraka. Panya akiuawa mia, mwezi ujao wapo mia wengine. Ndovu wakiuawa mia, mtoto aliyezaliwa siku ile huenda akazeeka kabla ya pengo kujaa.

NJIA ZA KUMALIZA VIUMBE

Njia ya kwanza ni kuua kwa ajili ya biashara. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo ikapita Ugogo kwenda Tabora na mbele yake, ikirudi na pembe za ndovu mabegani mwa wapagazi. Wagogo walitoza hongo kwa maji na njia. Pembe zile zilikwenda Unguja, na kutoka huko zikapelekwa Bara Hindi, Ulaya na Marekani, zikafanywa bangili, vibonyezo vya vinanda, na mipira ya mchezo wa biliadi. Mtu aliyepiga kinanda mbali hakumwona ndovu wala mpagazi. Na biashara hiyo haikukoma pamoja na misafara. Mwaka 2009 ndovu wa Tanzania walihesabiwa karibu 109,000. Mwaka 2014 walionekana karibu 43,000 tu. Miaka mitano ilitosha kupoteza zaidi ya nusu.

Habari za kifaru mweusi ni mbaya zaidi. Mwaka 1970 walikadiriwa kuwa 65,000 katika Afrika nzima, na mwaka 1995 walikuwa wamebaki pungufu ya 2,500. Pembe zao zilitakiwa Yemeni kwa vipini vya majambia, na katika nchi za mashariki ya Asia kwa dawa. Kwa ulinzi mkali wameongezeka polepole, hata katika miaka hii wamepita 6,000. Lakini katika Tanzania wamebaki mahali pachache palindwapo usiku na mchana, kama Serengeti, Ngorongoro na Mkomazi. Mtoto wa Chemba humjua kifaru kwa picha ya kitabu.

Njia ya pili ni kuondoa makao. Hii haina bunduki wala damu, kwa hiyo watu hawaioni kuwa ni kuua. Mwaka 1944 hata 1946, katika nchi ya Makueni huko Kenya, serikali ya kikoloni ilimtuma mwindaji J. A. Hunter kuondoa vifaru ili watu wapewe mashamba. Aliua karibu 1,000. Vifaru wale hawakuuawa kwa ajili ya pembe, ila kwa ajili ya ardhi. Leo ardhi huchukuliwa bila risasi. Mtu hufyeka ekari mbili za ufuta, mwenziwe hufyeka tatu za alizeti, wa tatu hukata miti ya mkaa kuuza Dodoma, mji unaokua upesi tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia huko. Hapana hata mmoja wao aliye mwovu. Kila mmoja atafuta ada ya shule na unga wa nyumbani. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na mapori yaliyokuwa yameungana huwa vipande vipande kama kitambaa kilichochakaa.

Hasara ya vipande ni hii. Mnyama aliyefungiwa katika kipande kidogo hapati njia ya kwenda majini wakati wa kiangazi, wala hapati wenziwe wa kuzaa nao. Ukija ukame au ugonjwa, wote hufa pamoja, na hapana wa kuja kutoka kwingine kuwarithi. Tena njia ya zamani ya ndovu ikizibwa kwa shamba, ndovu haisahau njia ile. Hupita vile vile, na sasa apita katika mahindi. Ndipo ugomvi huanza.

Mfano mmoja wa Tanzania wafaa kusimuliwa mashuleni. Katika maporomoko ya mto Kihansi, milima ya Udzungwa, mwaka 1996 wataalamu waligundua chura mdogo wa rangi ya manjano, asiyetaga mayai ila huzaa watoto walio hai. Aliishi hapo tu katika dunia nzima, katika majani yaliyolowa kwa manyunyu ya maporomoko. Mwaka 2000 maji mengi yalichepushwa kwenda kuzalisha umeme. Manyunyu yakapungua, kisha ugonjwa wa ukungu ukaingia, na mwaka 2009 chura yule akatangazwa kuwa amekoma porini. Kwa bahati wachache walikuwa wamechukuliwa mapema na kutunzwa Marekani. Wazao wao walianza kurudishwa Kihansi mwaka 2012, na mitambo ya manyunyu iliwekwa kwa ajili yao. Umeme ulihitajiwa, wala hatusemi usingalitengenezwa. Twasema kwamba kumrudisha kiumbe kwao ni kazi ya miaka mingi na gharama kubwa, na wengi hawana bahati ya chura yule.

Njia ya tatu ni sumu. Fisi au simba akiua ng'ombe, mfugaji mwenye uchungu hutia dawa ya wadudu katika mzoga ili adui arudipo afe. Twauelewa uchungu wake. Lakini sumu haichagui. Hufa fisi, hufa mbweha, hufa mbwa wa kijijini, na zaidi ya wote hufa tumbusi, kwa sababu wao huja kwa wingi kutoka mbali sana wakiona wenzao wanashuka. Mwezi wa Juni 2019, huko Botswana, tumbusi 537 walikutwa wamekufa penye mizoga mitatu tu ya ndovu. Majangili walikuwa wametia sumu, maana ndege wakizunguka angani huwaonyesha askari mahali pa wizi. Tumbusi mgongo mweupe, ambaye zamani alikuwa wa kawaida kabisa, tangu mwaka 2015 amewekwa katika daraja la viumbe walio karibu sana kukoma.

Labda mtu atacheka na kusema: "Ndege mla mizoga ana faida gani?" Basi na asikie habari za Bara Hindi. Huko ng'ombe wengi hawaliwi, na tumbusi walikuwa ndio wasafishaji wa mizoga. Katika miaka ya 1990 walianza kufa kwa mamilioni, na hapana aliyejua sababu. Mwaka 2003 wataalamu waligundua kwamba ni dawa iitwayo diklofenaki, ile ile ambayo watu huimeza kwa maumivu ya mgongo. Waganga wa mifugo waliwapa ng'ombe, na tumbusi aliyekula mzoga wenye dawa hiyo alikufa kwa figo kuharibika. Zaidi ya tisa katika kila kumi walikwisha. Mizoga ikakaa ikioza, mbwa wasio na wenyewe wakaongezeka, na kichaa cha mbwa kikawa hatari kubwa zaidi kwa watu. Mwaka 2006 dawa hiyo ilikatazwa kwa mifugo, lakini ndege atagaye yai moja kwa mwaka harudi upesi.

Njia ya nne ni kuleta kigeni. Katika miaka ya 1950 na 1960 sangara alitiwa katika ziwa Victoria ili kuongeza samaki. Alinenepa, viwanda vikajengwa, watu wakapata fedha. Lakini alikula furu, samaki wadogo wa asili, na aina zao zipatazo 200 zahesabiwa kuwa zimekoma au zimepotea. Na magonjwa nayo ni wageni. Wazee wa bara walisimulia habari za sotoka. Ugonjwa huo uliingia pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 pamoja na ng'ombe walioletwa kwa majahazi, na miaka michache baadaye ulifika huku. Ng'ombe tisa katika kumi walikufa, na nyati na pofu walikufa pamoja nao. Njaa ikafuata. Mahali watu na ng'ombe walipopungua, vichaka viliota na mbung'o wakaenea. Sotoka ilitangazwa kuwa imekwisha duniani mwaka 2011, kwa chanjo na kazi ya waganga wa mifugo wa mataifa mengi. Hapa twaona kwamba mwanadamu, akikaza nia, aweza kumaliza hata kilicho kidogo kisichoonekana. Jambo linalotupasa ni kujua kipi tunakimaliza kwa makusudi, na kipi kwa kutoangalia.

NENO LA MWENYE SHAMBA

Twajua kwamba mkulima atasema hivi: "Ninyi mwasifu ndovu kwa kuwa hamlali katika kibanda cha shamba. Kwangu amekula chakula cha mwaka kwa usiku mmoja." Neno hili ni la haki, na mtu asiyelijibu hana ruhusa ya kuhubiri. Gharama ya wanyama huwaangukia walio karibu nao, na faida yao mara nyingi huwaendea walio mbali. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 yaruhusu kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Majina yenyewe yaonyesha kwamba si malipo kamili: jasho hufutwa, gunia halirudi.

Hata hivyo twamwomba mkulima atazame upande wa pili wa daftari. Alizeti haizai vema bila nyuki wa kuchukua chavua kutoka ua hadi ua. Nyuki hawaishi katika shamba tupu. Wakaa katika miti ya pori, wakila maua ya pori miezi ambayo alizeti haipo. Mtu afyekaye mti wa mwisho wa kata yake, amefyeka pia sehemu ya mavuno yake ya mafuta, na asali, na dawa za mizizi, na kivuli cha ng'ombe. Hasara hii haina kelele kama ndovu. Huja kila mwaka kidogo kidogo, na watu huilaumu mvua.

Tena ziko njia za kujikinga zisizoua. Huko Sagalla katika Kenya, karibu na Tsavo, wakulima walitundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba, imeunganishwa kwa waya. Ndovu akisukuma waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Naye ndovu amwogopa nyuki. Wengi waliokaribia waligeuka, na mwenye shamba hupata asali juu yake. Ukame ukizidi, mizinga huwa mitupu na ulinzi hupungua. Kwa hiyo si dawa ya kila siku. Lakini kwa nchi yenye ustadi wa asali kama Usandawe, kazi hiyo si ngeni. Wengine hutumia vitambaa vilivyopakwa oili chafu na pilipili. Na kwa wafugaji, huko Simanjiro watu wameimarisha maboma kwa wavu wa chuma uliofungwa katika miti hai inayochipua, na simba na fisi hawapati mahali pa kupenya. Boma moja imara laokoa mbuzi wengi kuliko chupa ya sumu, wala halimuui mbwa wa jirani.

YATUPASAYO

Wenyeviti wa vijiji na watendaji, kazi yenu ya kwanza ni mpango wa ardhi. Njia ya wanyama na ya maji na iandikwe kabla shamba halijapimwa, maana kumhamisha mtu aliyekwisha kujenga ni ugomvi wa miaka. Mkutano wa kijiji na ukubaliane pori lipi ni la mizinga na malisho, na adhabu kwa atiaye sumu katika mzoga. Mtu akipata hasara, asaidiwe kuandika madai yake upesi.

Wafugaji, mzoga ulioshukiwa kuwa na sumu na uchomwe au ufukiwe kwa kina. Mkiona tumbusi wamekufa wengi pamoja, msiwaguse kwa mikono mitupu, mpelekeeni habari askari wa wanyamapori au mganga wa mifugo. Nanyi mnunuapo dawa ya maumivu kwa ng'ombe, ulizeni jina lake.

Walimu, ninyi mna kazi ambayo hapana ofisi iwezayo kuifanya. Watumeni watoto kwa babu na bibi zao wakaandike majina ya wanyama, ndege na miti, kwa Kisandawe, Kirangi, Kiburunge na Kigogo, na mbele ya kila jina waandike mwaka ambao mzee alimwona mara ya mwisho. Daftari hiyo itaonyesha kwa kata moja ni nani amekwenda, na ni nani angali akipunguka. Lugha hizi nazo zashika elimu ya pori. Mzee afapo na jina la mti ambao mtoto hakupata kuuona, viwili vimepotea kwa siku moja.

Mwaka 2019 wataalamu wa mataifa mengi waliokusanya habari za dunia nzima walisema kwamba aina zipatazo milioni 1 za wanyama na mimea zimo katika hatari ya kukoma. Hesabu hiyo yaogofya, na mtu wa kijijini aweza kusema haimhusu. Lakini milioni hiyo haiko mahali pamoja. Imegawanyika kijiji kwa kijiji, mto kwa mto, na fungu letu liko hapa. Jirani zetu wa Kondoa walionyesha kwamba ardhi iliyoharibika yaweza kupona: baada ya mpango wa HADO kuanza mwaka 1973, na mifugo kuondolewa vilimani mwaka 1979 kwa taabu nyingi ya wenyewe, majani na miti vilirudi mahali palipokuwa makorongo matupu. Majani yalirudi kwa kuwa mbegu zilikuwa zingali udongoni. Kiumbe aliyekoma hana mbegu udongoni. Basi kazi ya kumhifadhi ni ya sasa, akiwa angali yupo, kwa kuwa majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo ndiye atakayeulizwa na watoto wake.